Shilingi 20 za Koko

Watu wangu, leo sina vichekesho. Leo nawaletea historia, na inaanzia kwa Koko, nyanya yangu wa Rombo.

Kila nikitoka Kitengela kwenda kumsalimia na nianze kulalamika vile maisha yamepanda, Koko huniuliza: "Wewe ushawahi kukosa shilingi 20?" Mwaka 1990 alimbeba mjomba wangu, akiwa na miaka minane na homa kali, wakapanda lori la vitunguu hadi hospitali ya serikali. Walipofika dirishani wakaambiwa kadi ni shilingi 20. Hela yote ilikuwa imeishia kwa nauli. Koko akageuza, akarudi na mtoto, akachemsha miti shamba. Mjomba alipona, leo ana boda yake. Lakini Koko hajasahau lile dirisha.

Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni bahati mbaya tu ya familia yetu. Kumbe ilikuwa sera.

Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani. Kwa karibu miaka 25, hospitali za umma hazikudai hela mlangoni. Halafu uchumi ukakaza. Mafuta yalipanda bei 1979, neema ya kahawa ya 1976 na 1977 ilikuwa imeisha, na 1980 Kenya ikachukua mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia. Ukame wa 1984 ukaongeza mzigo. Wakopeshaji wakasema: punguzeni matumizi, wananchi nao wachangie. Desemba 1989 mpango wa kuchangia gharama za matibabu ukaanza.

Na hapa ndipo watu husahau: kwenye karatasi, maskini alikuwa amefikiriwa. Asiyeweza kulipa alitakiwa asamehewe. Shida ni kwamba msamaha ulitegemea mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Wewe mgonjwa ndiye ujue upo, uuombe, na uthibitishe kwamba huna. Hospitali nayo, chini ya mpango huo, ilikuwa ibaki na asilimia 75 ya pesa ilizokusanya. Sasa hebu jiweke kwenye kiti cha karani. Kila ukimsamehe mtu, ni dawa au glavu ambazo hospitali yako haitanunua. Utakimbilia kutangaza msamaha?

Matokeo yalionekana haraka. Watafiti waliofuatilia kliniki moja ya rufaa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi walichapisha hesabu zao 1992: baada ya ada kuanza, wanaume waliofika kwa mwezi walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Hao wengine hawakupona ghafla. Walibaki na ugonjwa nyumbani, tena miaka ile Ukimwi ulipokuwa unasambaa. Serikali ilijaribu kubana shilingi, ikajitengenezea deni kubwa zaidi.

Septemba 1990 ada ya kadi ikasimamishwa, kisha malipo yakarudishwa kwa awamu. Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya umma 2001, na maskini wakarudi kutibiwa. Sisi tulipunguza 2004, ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya. Tukazifuta kwenye vituo hivyo 2013. Yaani tulihitaji zaidi ya miaka 20 kurekebisha kitu ambacho Koko alikijua siku ya kwanza.

Mbona nayaleta haya sasa? Kwa sababu tumerudi kwenye kubana. Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano, lugha ya Nairobi ikawa ni kupunguza bajeti. Sipingi kupunguza. Punguzeni safari, magari, mapazia ya maofisi. Lakini mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kile ambacho mwenyewe hana sauti.

Saa zingine hata hakikatwi kwa tangazo. Inua Jamii humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimekaa palepale zaidi ya miaka 10. Hakuna waziri aliyeikata. Bei ya unga ndiyo imeikata.

Au tazama SHA, iliyoanza Oktoba 2024. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake ndipo apangiwe mchango. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inataka mwaka mzima ulipwe mbele: 3,600. Wazo si baya, aliye nacho achangie zaidi. Lakini huku kwetu Kajiado ng'ombe ndio mali, na 2022 tuliona mizoga kando ya barabara hadi tukazoea harufu. Mtu anaweza kuwa tajiri Machi na maskini Oktoba. Fomu itamjua lini?

Somo la 1989 kwangu ni hili: kinga ije kabla ya makato, na isiwe kitu cha kuombwa dirishani. Mtoto, mzee, mgonjwa wa dharura, watibiwe kwanza, karatasi zifuate. Na kituo kinachomhudumia asiye na kitu kirudishiwe hela yake, ili karani asichague kati ya dawa na huruma.

Wikendi hii muulize nyanya yako alitibiwaje miaka hiyo ya tisini. Halafu wakileta bajeti nyingine ya kubana, usiulize tu wamepunguza ngapi. Uliza mtu aliyefika na nauli ya kwenda pekee atafanyaje.