Kiti cha Askofu: Safari ya Makanisa Makuu Hadi Kasese

Muulize muumini yeyote wa Kasese kanisa kuu liko wapi, naye atakuelekeza bila kusita. Waanglikana watakutajia Mtakatifu Paulo, na Wakatoliki watakuonyesha lao. Lakini ukiuliza ni nini kilichoyafanya yawe makuu, wengi watataja ukubwa wa jengo, urefu wa mnara au wingi wa waumini. Hayo yote ni mapambo. Kanisa huwa kuu kwa sababu moja tu: ndani yake kipo kiti cha askofu wa jimbo.

Katika kanisa kuu la Kikatoliki, kiti hicho huwekwa karibu na altare. Paroko haketi hapo, hata kama ndiye anayeongoza Misa. Askofu akisafiri, kiti hubaki kitupu. Akistaafu au akifariki, hukaa wazi mpaka mrithi wake aje kuketishwa mbele ya watu wote. Kwa Waanglikana pia, askofu mpya huanza kazi yake kwa kusimikwa katika kiti cha kanisa kuu.

Ndiyo maana ukubwa pekee hautoshi. Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, na kanisa la Wakatoliki lililoko pale lilipewa hadhi ya basilika mwaka 1993. Hata hivyo si kanisa kuu. Askofu Mkuu wa Kampala ana kiti chake Lubaga, katika jengo lililokamilika mwaka 1925. Hata Roma mambo ni hayo hayo: Basilika la Mtakatifu Petro linajulikana duniani kote, lakini kanisa kuu la Papa kama askofu wa Roma ni la Mtakatifu Yohane huko Laterani.

Upande wa Anglikana, kisa kinachofundisha zaidi kinamhusu askofu aliyewahi kuwachunga watu wa Rwenzori. Erica Sabiti alikuwa Askofu wa Ruwenzori, makao yake yakiwa Fort Portal, alipochaguliwa mwaka 1966 kuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa Anglikana la Uganda. Akawa kiongozi wa kanisa zima, lakini Kampala hakuwa na kiti. Dayosisi ya huko, Namirembe, ilikuwa na askofu wake, Dunstan Nsubuga, na wengi wa dayosisi hiyo hawakuwa tayari kumpa Sabiti nafasi. Mvutano ukakua hadi Rais Idi Amin akawaita maaskofu mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikaundwa Dayosisi ya Kampala kwa ajili ya Askofu Mkuu, na kanisa la Watakatifu Wote la Nakasero, dogo likilinganishwa na la Namirembe, likawa kanisa kuu. Kilichobadilika ni kiti, wala si matofali.

Kwa watu wa Kasese na Bwera, swali la kiti lilikuwa pia swali la umbali, kwani kiti kilikuwa Fort Portal. Wamisionari wa Shirika la White Fathers walifungua misheni ya Virika, Fort Portal, mwaka 1895. Jimbo Katoliki la Fort Portal lilipoundwa mwaka 1961 chini ya Askofu Vincent McCauley, Virika ndiyo ikawa makao yake. Tetemeko la Machi 1966 lilipoliharibu kanisa la Virika, kiti kilibaki Virika, na jengo likasimamishwa upya.

Lakini mambo yalikuwa yakibadilika kusini mwa milima ya Rwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mji ukakua. Mwaka 1962 vuguvugu la Rwenzururu lilitangaza kujitenga na ufalme wa Tooro, Wakonzo wa milima hiyo wakidai kujiongoza wenyewe. Wilaya yao ilitengwa na Tooro mwaka 1974. Makanisa nayo yakafuata. Waanglikana walipata Dayosisi ya Rwenzori Kusini mwaka 1984, askofu wake wa kwanza akiwa Zebedee Masereka. Jimbo Katoliki la Kasese likazaliwa mwaka 1989, na Egidio Nkaijanabwo akaliongoza hadi 2014, alipompisha Francis Aquirinus Kibira.

Faida ya kiti kusogea inaonekana hata kwenye chupa ya mafuta. Mara moja kwa mwaka, karibu na Pasaka, mapadri wa jimbo hukusanyika katika kanisa kuu kwa Misa ya kubariki mafuta matakatifu: ya wagonjwa, ya wakatekumeni na ya krisma. Krisma ni mafuta yaliyochanganywa na manukato, na askofu huyapulizia pumzi yake kabla ya kuyaweka wakfu. Kisha kila parokia hupata sehemu yake. Mtoto anayebatizwa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, hupakwa krisma iliyotoka Kasese, mwendo wa barabara moja kupitia Kikorongo. Kabla ya 1989, mafuta hayo yalikuwa ya Virika, safari ya kilomita 70 na ushee zaidi baada ya kupita Kasese.

Kwa hiyo muumini wa Bwera asidhani kanisa lake ni duni kwa kuwa haliitwi kuu. Sakramenti zake ni zile zile. Na wa Kasese asijivunie kuta tu, kwani bila askofu na watu wake zingebaki kuta. Wazee waliohamia majimbo haya mapya mwaka 1984 na 1989 bado tunao. Makatekista na vijana wa parokia wawaendee sasa, waandike wanayokumbuka, na nakala ziwekwe katika ofisi za majimbo yote mawili. Historia hii ni ya waumini, na ni wajibu wao kuitunza.