Vitu vya kale vinavyotoka ku mashimo ya kazi

Mwanafunzi mmoja aliniletea kipande cha nyungu ya zamani kilichotoka ku shimo la wachimbaji. Nikamwuliza: kilikuwa kina gani? Karibu yake kulikuwa majivu, mifupa ao chuma? Hakujua. Kipande kilikuwa kizuri, lakini kilikwisha kuwa bubu.

Tuone tofauti. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya wazee wetu ku 1957 na 1958, tena ku 1974 pamoja na Pierre de Maret. Waliandika kila kitu mahali kilipolala. Ni vile tulijua habari ya misalaba ya mukuba. Mwanzoni ilikuwa michache na mikubwa, alama ya heshima. Nyuma ikawa midogo, mingi, yenye kipimo karibu kimoja, imewekwa karibu na mikono na kiuno cha maiti. Hapo wakaelewa kwamba imekuwa feza. Msalaba uleule ukiuzwa sokoni haufundishi jambo hilo hata kidogo.

Mutu atasema: kampuni inatafuta faida, itamngojea mwalimu wa universite namna gani? Inawezekana. Kati ya Chadi na Kameruni walijenga bomba la petroli la kilometa 1.070 hivi, toka Komé mpaka Kribi. Toka 1999 mpaka 2004 waakiolojia walifuata njia ya bomba, na mradi wenyewe ndio uliolipa. Walipata zaidi ya mahali 450 pa kale: mashimo yenye vyungu, tanuru za kuyeyushia chuma. Ku 2010 walitoa kitabu, na mmoja wa waandishi alikuwa mwalimu wa universite ya Yaoundé. Bila kazi ile, katapila zingemaliza yote.

Na sisi? Sheria ya migodi ya 2002 ilikwisha kusema: ukikuta vitu vya kale, usivihamishe, andikia wakubwa wa utamaduni bila kukawia. Sheria peke yake haitoshi. Kitu kifike ku myuzeamu pamoja na daftari yake, na ripoti isilale ku kabati ya kampuni. Wanafunzi wa universite waisome, waulize maswali mapya.

Mukuba unaondoka kila siku ku malori. Habari ya wale walioufua mbele yetu isiondoke pamoja nao.