Neno "Harness" na Bega la Punda

Ukifungua kitabu cho chote cha Kiingereza juu ya wanyamakazi utakuta neno harness. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni nililitafsiri haraka haraka: nira. Kosa hilo alilipa punda, si mimi.

Neno lenyewe halikuzaliwa shambani, lilizaliwa vitani. Waingereza walilipokea yapata mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, na wataalamu wengi wa lugha huona kwamba asili yake ni kwa watu wa Skandinavia: neno moja la jeshi limeungana na jingine la masurufu. Yaani chakula na vyombo vya askari aendaye vitani. Kisha likawa deraya, vazi la chuma. Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka mfalme Ahabu, aliyepigwa mshale penye maungio ya vazi lake. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 vazi hilo ndilo harness. Wajerumani mpaka leo wakisema Harnisch wana maana ya deraya, wala si vyombo vya farasi.

Farasi naye alivishwa, neno likamfuata. Askari walipoacha kuvaa chuma, yeye akabaki nalo. Siku hizi hata mikanda ya fundi apandaye nguzo ya umeme huitwa hivyo, na mto ukitiwa mitambo ya umeme, Waingereza husema "umefungwa" kwa neno lilo hilo. Si ajabu, sisi nasi tuliitoa hatamu kichwani mwa mnyama, na katika miaka ya 1970 tukasema Chama kinashika hatamu.

Basi tazama: harness ni mavazi yote ya kazi, mikanda na kamba zake. Nira ni mti mmoja tu wa shingoni. Maksai wetu ana nundu, mti huegemea mbele yake naye akasukuma. Punda hana nundu, jamani! Nguvu zake zi kifuani na mabegani. Ukimvisha nira inakalia mfupa, na kila hatua inachubua.

Mfunge mkanda wa kifuani, upana wa vidole vinne au zaidi, wa turubai au ngozi laini. Upite chini ya koo lakini juu ya kiungo cha bega, usibane pumzi wala kuzuia mguu. Mwingine upite juu ya shingo kuushikilia usishuke. Kamba nyembamba hapana, na tairi lenye nyaya hapana kabisa. Jioni mvue, mpapase kwa kiganja. Penye joto au uvimbe, kesho asifungwe.

Yule punda wa chuoni alipona baada ya kupumzishwa majuma mengi. Manyoya ya pale palipokaa nira yaliota meupe, na hayakurudi rangi yake.