Matokeo ya Mtihani na Mtaala wa Biashara: Hoja kutoka Ngerengere

Mwenye duka Ngerengere, mkoani Morogoro, hufunga siku yake kwenye daftari moja: mauzo ya taslimu, majina ya wanaodaiwa, salio la M-Pesa, nauli ya mzigo kutoka Morogoro mjini, na kilo mbili za mchele alizopeleka nyumbani bila kulipia. Mhitimu wa shahada ya biashara akipewa daftari hilo atayarishe hesabu ya faida na hasara, namna atakavyoushughulikia ule mchele itatueleza zaidi kuhusu mtaala aliosomea kuliko GPA yake. Wapo watakaouingiza kwenye gharama za duka. Wapo watakaouacha kabisa, na faida itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Vyuo vyetu vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Alama hujumlishwa, herufi hutolewa, bodi huidhinisha, na habari huishia hapo. Lakini B moja hupatikana kwa njia nyingi: huyu kabebwa na nadharia, yule kabebwa na hesabu. Herufi inampanga mwanafunzi kati ya wenzake. Haisemi programu imeshindwa kufundisha nini. Mtahini wa nje naye huangalia zaidi kama alama zimetolewa kwa haki.

Morogoro ni mahali pazuri pa kulijadili jambo hili. Chuo Kikuu Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Asili yake ni swali la kazi: mtumishi huyu akifika kituoni ataweza kufanya nini? Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umevisukuma vyuo vikuu vya umma kupitia upya mitaala na kuwasikiliza waajiri. Ni hatua njema, ila maoni ya waajiri hayatoshi. Mwajiri akisema wahitimu hawajui kujieleza, kikao huongeza somo la mawasiliano, na hakuna aliyefungua hata karatasi moja ya mwanafunzi kuona anakwama wapi.

Tuchukue basi daftari la Ngerengere, tuwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wahadhiri wawili wasahihishe sampuli ya karatasi, kila kigezo kikipewa alama yake: kutenganisha mali ya mwenye duka na ya biashara, kuhesabu wadaiwa, kuthamini mzigo uliobaki, na kumweleza mwenye duka matokeo. Wengi wakianguka kwenye kigezo cha kwanza, turudi kwenye mtaala tuone dhana hiyo inafundishwa wapi. Huenda iliguswa mara moja mwaka wa kwanza na haikurudiwa tena, si kwenye kodi wala kwenye ujasiriamali. Dawa hapo ni kuirudisha kwenye masomo hayo. Somo jipya halihitajiki.

Wakianguka kwenye maelezo, tusikimbilie kusema hawajui. Wamesoma yote kwa Kiingereza, na mwenye duka anauliza kwa Kiswahili. Nusu yao waruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Alama zikipanda, kasoro iko kwenye lugha, na hilo nalo ni suala la mtaala. Kazi yenyewe ibadilike na mazingira: tangu treni za reli ya kisasa (SGR) zianze safari Juni 2024, Ngerengere ina stesheni ya reli hiyo, na hesabu ya usafiri ya mfanyabiashara inaweza kuwa nyingine.

Mhadhiri mwenye mamia ya karatasi atalalamika, na ana haki. Ndiyo maana nikasema sampuli. Hofu kubwa zaidi ni kwamba matokeo yatageuzwa fimbo ya kumchapia. Yakiingia kwenye faili lake la kupandishwa cheo, atatunga maswali mepesi na kila kitu kitaonekana shwari. Kwa hiyo yajadiliwe na idara nzima, bila jina la mhadhiri, na muhtasari utaje mada itakayobadilishwa na muhula ambao wanafunzi wanaofuata watapimwa tena.