Cherehani Zilikuwepo, Maji Je?

Machi 13, 2020, Waziri Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Ukambani bado tulikuwa tunasumbuliwa na nzige. Sasa tukaambiwa: nawa mikono kila mara. Sawa, lakini kwa maji gani? Kitui na Makueni, wengi huchimba mchanga wa mto uliokauka, wakachota, punda akabeba mitungi. Huku Emali na Mtito Andei malori ya Mombasa yakizidi kupita, wasiwasi ukapanda.

Barakoa zilipoadimika, KICOTEC, kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui kilichozoea kushona sare, kikaanza kuzishona kwa maelfu.

Gonjwa halikungoji ujenge. Cherehani zilikuwepo, zikafanya kazi. Mabomba hayakuwepo, na hofu haikuyaleta.