Globu Zilizochelewa Isingiro

Geuza globu ya zamani, ile ya pini, utazame kitako chake. Kuna vinundu viwili vya lehemu, rangi ya fedha iliyofifia. Lehemu hiyo ni bati lililoyeyushwa pamoja na risasi, na bati si kitu cha kumweleza mtu wa Isingiro, wilayani Kyerwa, Tanzania. Vilima vya Kyerwa vilichimbwa bati tangu enzi ya Waingereza. Wanajiolojia wameuita ukanda wa miamba unaotoka huku hadi Rwanda na kusini-magharibi ya Uganda kwa jina la Karagwe-Ankole, na humo hamna bati tu: mna wolframu pia, madini ya uzi unaowaka ndani ya globu. Kichekesho cha historia ya taa za huku ndicho hicho. Uzi na lehemu vimo ardhini. Globu yenyewe ilikuja baada ya baiskeli na baada ya redio.

Zamani za Wanyambo kutawaliwa na wafalme wa Karagwe, usiku ulikuwa wa moto wa mekoni na kijinga cha kumulikia njia. Mafuta ya taa yalipoingia, ikaja koroboi. Fundi bati alichukua kopo, akalichoma lehemu, akapitisha utambi, basi. Wenye nafasi walikuwa na chemli. Karabai ilipigwa pampu siku ya harusi, na sauti yake ya kuvuma bado naisikia masikioni.

Umeme ulipita mbali. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji. Bukoba walijenga kituo cha simu ya upepo, ambacho Waingereza walikibomoa walipoushambulia mji Juni 1915. Tanesco, shirika la umeme la Tanzania, ilipata sura yake ya leo mwaka 1964, lakini nguzo hazikuwa na haraka ya kupanda milima ya huku. Pale Murongo, Mto Kagera unapotenganisha nchi mbili, palikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa maji upande wa Kikagati, Uganda. Vita ya Tanzania na Uganda ya 1979 iliuharibu.

Sasa, tuseme mtu analeta boksi la globu kuukuu kwenye makumbusho na kusema, zitambueni. Wengi hukimbilia kitako. Skruu ni ya Mjerumani, pini ni ya Mwingereza. Na kweli, mataifa hayo yaligawana hivyo, nasi Watanganyika tukabadilishiwa kitako tulipobadilishiwa mtawala. Lakini kitako ni shahidi wa kuangaliwa vizuri, maana madukani leo vyote viwili vimepangwa rafu moja.

Mimi huanzia juu. Kioo kikiwa na ncha kali utosini, kama chuchu, hapo ndipo hewa iliponyonywa na kioo kuzibwa kwa moto. Baada ya miaka ya 1920 kuanza, viwanda vilihamishia kovu hilo ndani ya kitako, kwa hiyo globu yenye ncha karibu kila mara ni mzee. Kisha uzi. Uzi wa kaboni ni mnene, mweusi, umepindwa kitanzi kimoja au viwili, na ukiwaka hutoa mwanga mwekundu wa makaa. Uzi wa wolframu ni mwembamba; ukiwa mrefu na umetandazwa juu na chini kama kamba za kitanda, ni wa baada ya 1910, William Coolidge alipopata njia ya kuivuta wolframu iwe waya. Ukiwa umesokotwa kama springi ndani ya kioo chenye gesi, ni wa kuanzia 1913, kazi ya Irving Langmuir. Hata jina la globu za Osram, lililosajiliwa 1906, limeunganishwa kutoka osmiamu na wolframu. Ukungu mweupe upande wa ndani wa kioo ulianza 1925.

Maandishi ya volti husomwa mwisho, kwa kuwa ndiyo hufutika kwanza. Yakisalimika, ndiyo yanayosema globu iliishi wapi: mtandao wetu ni 230, na namba ndogo ni ya jenereta au betri.

Wilaya ya Kyerwa ilikatwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Wakala wa Nishati Vijijini ulikuwa umekwishaanza kusogeza nguzo, na 2022 mtambo mpya wa Kikagati wa megawati 14 ukaanza kazi, Uganda na Tanzania zikigawana umeme nusu kwa nusu. Kabla ya hapo nyumba nyingi zilikwishafunga sola, na globu zake zina pini zilezile mbili. Ndiyo maana umeme ulipoingia, zipo zilizochomekwa kwenye holda mpya zikapasuka papo hapo. Zilizopona zimo kwenye makopo na droo, zimeandikwa 12V. Atakayezitambua miaka mia ijayo ataona pini, atafikiri Mwingereza.