Kadi za QSL za Afrika Mashariki
Kadi za QSL ni kadi za posta ambazo waendesha redio wa ridhaa hutumiana kuthibitisha kwamba wamewasiliana hewani. Jambo la kwanza analotazama mkusanyaji ni alama ya mwito, maana humo mna historia ya nchi: VQ3 ilikuwa Tanganyika, VQ1 Zanzibar, VQ4 Kenya na VQ5 Uganda, baada ya uhuru zikaja 5H, 5Z na 5X. Kadi ya Mwanza yenye VQ3, basi, kwa kawaida ni ya zama za ukoloni. Za Zanzibar zina thamani ya pekee, kwani tuzo ya DXCC ya Marekani huihesabu kuwa eneo la peke yake kwa mawasiliano ya hadi 31 Mei 1974 tu.

Saa iliyoandikwa kwenye kadi huwachanganya wengi. Huandikwa kwa saa ya ulimwengu, hivyo mazungumzo yaliyofanyika Mkuyuni, Mwanza, saa nane usiku husomeka 23:00, tarehe ya siku iliyotangulia.

Kando ya ziwa, kama huko Mwanza, unyevu ndio adui wa kadi. Kadi zisibandikwe kwa gundi, zikae kwenye sanduku kavu. Stempu isibanduliwe kamwe. Kadi nyingi hazina stempu kwa sababu zilisafirishwa kwa mafungu kupitia vyama vya waendesha redio, na hiyo si kasoro.